Tahadhari ya seva iitikiwe kwa barua pepe ileile iliyoileta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nimjibu msomaji mwenzangu wa Bukoba, ambaye majuma mawili yaliyopita aliandika kwamba taasisi na kampuni za Kanda ya Ziwa ziache kabisa kutuma tahadhari za seva kwa barua pepe, kwa madai kwamba barua hizo hazisomwi na mtu, na badala yake mafundi wote waingizwe kwenye kundi la WhatsApp. Nakubaliana naye kuhusu ugonjwa, lakini dawa yake siikubali. Kwa miaka mingi niliyofanya kazi ya ufundi wa mifumo ya kompyuta hapa Mwanza nimeona kwamba barua hizi husomwa, tena husomwa na watu wengi kupita kiasi, ila hakuna anayeweza kuzijibu, na barua isiyojibika huwafundisha watu kuipuuza.

Kwa faida ya wasomaji ambao kazi hii si yao, nieleze kwanza tahadhari hizo ni nini. Penye seva nyingi, yaani kompyuta zinazozihudumia kompyuta nyingine, huwekwa programu ya ufuatiliaji ambayo kazi yake ni kuzizungukia seva nyingine kila baada ya dakika chache na kuziuliza maswali: uko hai? diski yako imebaki na nafasi kiasi gani? kanzidata inajibu? chumba chako kina nyuzijoto ngapi? Iliyozoeleka zaidi kwa mafundi wa umri wangu ni Nagios, ambayo Ethan Galstad aliitoa mara ya kwanza mwaka 1999 kwa jina la NetSaint, kabla ya kuibadilisha jina. Ikikosa jibu zuri haikurupuki. Huuliza tena mara kadhaa, kadiri ilivyopangwa, na ikiridhika kwamba tatizo ni la kweli ndipo huwaandikia barua pepe watu waliosajiliwa. Baada ya hapo husubiri, na muda uliopangwa ukipita huku tatizo likiwa bado lipo, huwaandikia tena, na tena, kama mgeni anayepiga hodi kwenye nyumba ambayo anaona taa inawaka ndani.

Waliotengeneza programu hizi walikwisha kufikiria mahali pa kuitikia hodi hiyo. Mtoto aliyelelewa vizuri akiitwa na mama yake kutoka jikoni huitika “abee” au “naam” papo hapo, kabla hajajua kama anatumwa dukani au anaulizwa nani kavunja kikombe. Kuitika kwake hakujamaliza kazi yoyote, lakini mama ananyamaza, kwa kuwa amejua sauti yake imefika na amejua imemfikia nani. Wazee walisema usikatae wito, kataa neno, na mimi naona kwamba katika usemi huo walitenganisha mambo mawili ambayo ofisi zetu huyachanganya kila siku, yaani kuitika na kutengeneza. Mfumo ukiitikiwa huacha kuita kuhusu tatizo hilo, huandika jina la aliyeitika, na huendelea kulichunguza tatizo kimyakimya mpaka liishe, ndipo huwaarifu wote kwamba hali imerudi kuwa njema.

Shida ni njia ya kuufikia mwitikio huo. Katika mpangilio wa kawaida, fundi anapaswa kufungua ukurasa wa mfumo wa ufuatiliaji, ambao kwa busara haukuwekwa wazi kwa dunia nzima, hivyo inambidi kwanza aunganishe VPN, yaani njia ya faragha ya kuingia kwenye mtandao wa ofisi akiwa nje, kisha aingize nenosiri, kisha asubiri ukurasa ufunguke, kisha alitafute tatizo husika katikati ya mengine na kujaza fomu ndogo. Mchana, akiwa mezani kwake, hilo ni jambo la dakika moja. Usiku ni habari nyingine, na ningependa nieleze usiku mmoja nilioushuhudia mwenyewe.

Nilikuwa nafanya kazi katika kampuni moja ya kuhifadhi samaki upande wa Ilemela, ambayo sitaitaja. Vyumba vyake vya baridi vilikuwa na vipima joto vilivyounganishwa na seva, kwa sababu minofu ya sangara iliyogandishwa hutakiwa kukaa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, na mnunuzi wa ng'ambo huweza kudai rekodi ya joto la kila siku kabla hajalipa. Usiku wa kuamkia Jumapili moja umeme ulikatika, jenereta ikawaka kisha ikazima, na saa 8:10 usiku mfumo ukatuandikia tahadhari sisi watu sita kwa pamoja. Wa kwanza aliisoma kitandani akasema moyoni kwamba mkuu wa zamu atakuwa ameiona. Mkuu wa zamu aliiona, akavaa viatu na kuwasha pikipiki kutoka Buzuruga bila kumwambia mtu, maana alikuwa na haraka. Mimi nilikuwa Nyegezi, bando limekwisha, nikahangaika kununua jingine ili niunganishe VPN, na nilipofanikiwa ukurasa ukakataa kufunguka kwa sababu mtandao ulikuwa dhaifu. Mwenzetu wa nne alikuwa Sengerema, na kwa kuwa tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kisingizio cha kusubiri kivuko, alivuka usiku uleule akaja. Wawili waliobaki walilala, na siwalaumu hata kidogo.

Mfumo ulikuwa umepangwa kukumbusha kila baada ya nusu saa. Kufikia saa 10:40 alfajiri kila mmoja wetu alikuwa amepokea barua sita kuhusu chumba kilekile, yaani barua 36 kwa jumla, na kati ya hizo hapakuwa na hata moja iliyosema kwamba mtu yuko njiani. Samaki walipona, kwa sababu chumba cha baridi kilichofungwa vizuri huweza kustahimili saa kadhaa bila umeme. Kilichotuumiza ni kingine. Kukatika kwa umeme kulikuwa kumeangusha pia seva ya mauzo, nayo ilituma tahadhari yake, lakini barua yake ilizama katikati ya zile za chumba cha baridi. Mwenzetu wa Sengerema alipofika getini alimkuta mkuu wa zamu amekwisha kuiwasha jenereta, wakasalimiana, wakanywa chai kwa mlinzi, na hakuna aliyeigusa seva ya mauzo hadi asubuhi, wakati madereva wa malori walipoanza kudai hati za kusafirishia mzigo. Waliondoka saa 5 mchana. Katika kikao cha Jumatatu kila mtu alisema neno lilelile: “Kaka, nilijua umeiona wewe.”

Nimelirefusha simulizi hili kwa sababu ndani yake mna jibu kwa msomaji wa Bukoba. Usiku ule hakuna barua pepe iliyochelewa wala kupotea. Zilifika zote, kwa watu wote, kwenye simu zilizokuwa mikononi mwetu. Kama mkuu wa zamu, kabla hajavaa kofia yake ya pikipiki, angeweza kubonyeza “jibu”, akaandika “Naam, nakwenda mimi”, na mfumo ukalielewa jibu hilo, basi barua 30 kati ya zile 36 zisingeandikwa, mwenzetu wa Sengerema angebaki na familia yake au angeelekezwa kwenye seva ya mauzo, na mimi nisingenunua bando usiku wa manane.

Namna ya kuufanya mfumo ulielewe jibu hilo si uchawi, ingawa Nagios yenyewe haiji na kisoma-barua na fundi hulazimika kukiongeza. Kila barua pepe inapotumwa hupewa kitambulisho chake cha pekee, na simu au kompyuta inapoijibu hukibeba kitambulisho hicho katika sehemu ya juu ya jibu, pale ambapo msomaji wa kawaida hapaoni. Ndiyo sababu programu ya barua hujua kupanga mazungumzo kwa mfuatano. Anwani inayotuma tahadhari inaweza kupangwa hivi kwamba kila kinachoijia kisiingie kwenye kisanduku cha mtu, bali kikabidhiwe kwa programu ndogo iliyo kwenye seva hiyohiyo. Programu hiyo husoma barua ni ya nani, inajibu tahadhari ipi, na ina maneno gani, kisha huandika mstari mmoja mahali ambapo Nagios hupokea amri zake: muda, jina la seva, jina la huduma iliyopata hitilafu, namna ya mwitikio, jina la aliyeitika na maelezo yake, vyote vikitenganishwa kwa nuktamkato. Mstari huo ni sawa kabisa na ule ambao ungeandikwa endapo fundi angejaza fomu kwenye ukurasa. Kijana aliyehitimu chuo na anayejua lugha moja ya programu huweza kuiandika kazi hiyo kwa siku mbili tatu, na seva yenye umri wa miaka kumi inaiweza bila kutoa jasho.

Zipo kampuni zinazoweka ndani ya barua kiungo cha kubonyeza badala ya jibu. Sikipendi. Kiungo kinadai mfumo wa ufuatiliaji ufunguliwe mlango kuelekea intaneti, na isitoshe vichujio vya usalama vya barua pepe vina tabia ya kuvifungua viungo vyenyewe ili kuvikagua, jambo ambalo huweza kuufanya mfumo uamini kwamba mtu ameitika ilhali ni mashine imeiitikia mashine.

Kuna faida nyingine ya jibu la barua pepe ambayo watu wa miji mikubwa ya dunia huenda wasiithamini, lakini sisi wa ziwani tunaijua. Barua pepe ilibuniwa kuvumilia kukatika kwa mawasiliano. Fundi aliye kwenye meli ya kwenda Nansio, ambaye simu yake inapata mtandao kwa dakika mbili kisha unapotea kwa nusu saa, anaweza kupokea tahadhari mtandao ukiwepo, akaandika jibu mtandao ukiwa umepotea, na simu ikalihifadhi jibu hilo na kulituma yenyewe mara mawimbi yatakaporudi. Jibu lenyewe ni herufi chache, halifiki hata sehemu ndogo ya uzito wa ukurasa mmoja wa mfumo wenye michoro na rangi. Wavuvi wanaotega visiwani huacha ujumbe kwa mtu anayerudi Mwaloni, wakijua utafika boti itakapofika, na barua pepe husafiri kwa mtindo huohuo.

Hata hivyo uvumilivu huo una upande wake wa pili, na hapa ndipo nawaomba mafundi wenzangu wasome kwa makini. Kanuni za kimataifa za usafirishaji wa barua pepe, katika waraka namba 5321 wa mwaka 2008, zinaelekeza kwamba seva iliyoshindwa kufikisha barua isubiri kwa kawaida angalau dakika 30 kabla ya kujaribu tena, na iendelee kujaribu kwa siku nne au tano kabla ya kukata tamaa. Maana yake ni kwamba “naam” iliyoandikwa Jumatatu inaweza kuwasili Jumatano. Ikiwa programu ndogo inatazama jina la seva peke yake, basi “naam” ya Jumatatu itanyamazisha tatizo jipya la Jumatano ambalo hakuna aliyeliona. Kwa hiyo barua ya tahadhari lazima ibebe namba ya tatizo lenyewe, ambayo Nagios inaweza kuitoa, na jibu lenye namba ya tatizo lililokwisha litupwe, huku aliyelituma akijulishwa.

Kisha kuna barua zinazojijibu zenyewe. Ofisi moja niliyowahi kuisaidia iliweka utaratibu huu kwa furaha, na wiki ya kwanza kila tahadhari ya usiku ikawa inaitikiwa ndani ya sekunde chache. Meneja alifurahi mno. Baadaye ikagundulika kwamba mhasibu aliyekuwa kwenye orodha alikwenda likizo, na barua yake ya “Niko likizo hadi tarehe fulani” ndiyo iliyokuwa ikiitikia kila hitilafu, ikinyamazisha mfumo kwa niaba ya watu wote. Wakati huo mhasibu alikuwa harusini Shinyanga. Tiba yake inajulikana: waraka namba 3834 wa mwaka 2004 ulielekeza kwamba barua inayojituma yenyewe ijitambulishe hivyo katika sehemu yake ya juu, na programu ndogo ikikuta kitambulisho hicho inatakiwa kuikataa barua mara moja. Kwa kuwa si kila programu ya barua hutii maelekezo hayo, mimi huongeza sharti kwamba jibu lianze na neno moja lililokubaliwa. Sisi tulichagua “naam”. Barua yoyote isiyoanza na neno hilo haiitikii chochote.

Jambo la tatu ni udanganyifu. Jina la mtumaji katika barua pepe huweza kughushiwa na mtu yeyote mwenye nia hiyo, kama vile mtu anavyoweza kuandika jina lolote nyuma ya bahasha. Mwizi anayetaka seva zako zisipige kelele wakati anapoziingilia hatatafuta njia nyepesi kuliko kutuma “naam” kwa jina lako. Seva ya barua inayopokea majibu inapaswa kuhakiki saini ya kikoa cha mtumaji (sehemu ya anwani inayofuata alama ya @) kwa utaratibu uitwao DKIM, na juu ya hilo kila tahadhari iwe na tarakimu na herufi za siri zisizokisiwa, ambazo zitarudi ndani ya jibu na kutumika mara moja tu. Pia, kwa kuwa Nagios husoma amri mstari kwa mstari, programu ndogo ichukue mstari wa kwanza peke yake wa jibu na kuondoa nuktamkato zote. Isipofanya hivyo, mtu mwerevu ataandika maelezo yenye mistari miwili, na mstari wa pili utakuwa amri nyingine kabisa, labda ya kuzima ufuatiliaji wote. Kuchukua mstari wa kwanza kunatuokoa pia na ile mikia ya “imetumwa kutoka simu yangu” na nakala ndefu za barua ya awali zinazofuata chini ya kila jibu.

Sasa nifike kwenye uamuzi ambao naona unastahili mjadala kuliko yote, nao hauhusu barua pepe bali unahusu maana ya kuitika. Nagios humtaka anayeitika achague kama mwitikio wake ung'ang'anie au la. Ukiwa wa kung'ang'ania, mfumo utakaa kimya mpaka tatizo liishe kabisa, hata hali ikibadilika kutoka onyo kuwa hatari. Usipokuwa wa kung'ang'ania, mabadiliko yoyote ya hali huufuta mwitikio na mfumo huanza kuita upya. Mafundi wengi huchagua wa kwanza kwa sababu unawapa usingizi. Mimi nasema kwa chumba cha samaki huo ni uzembe. Fundi aliyeitika saa 8 usiku joto likiwa limepanda kidogo, akakadiria kwamba ni mlango umeachwa wazi, anatakiwa kuamshwa tena saa 9 iwapo joto limevuka mpaka wa hatari, kwa kuwa lile alilolikubali si hili lililopo sasa. Kwa diski inayojaa taratibu, au mashine ya kuchapia iliyoishiwa wino, mwitikio wa kung'ang'ania hauna neno. Uamuzi huu usiachiwe mtu mwenye usingizi, bali upangwe mchana, huduma kwa huduma, na uwekwe ndani ya programu ndogo.

Mfumo wa Icinga, uliochipuka kutoka Nagios mwaka 2009, umeongeza jambo ambalo natamani lingekuwa la lazima kila mahali: mwitikio wenye mwisho. Fundi anasema “naam” na mwitikio wake unaisha nguvu baada ya saa mbili, tuseme, na tatizo likiwa bado lipo mfumo unamwita tena yeye na wenzake. Wapo wenzangu wanaoliona hilo ni usumbufu. Lakini sote tumewahi kumwona mtu anayeitika “naam” ili tu sauti inyamaze, kisha anageuka upande wa pili na kuendelea kulala, na sote, tukisema ukweli, tumewahi kuwa mtu huyo.

Nirudi kwenye kundi la WhatsApp. Silichukii, na hata sisi tunalo, na hutumika vizuri kwa mazungumzo. Lakini mfumo wa ufuatiliaji haujui kwamba mtu ameweka alama ya dole gumba kwenye kundi, hivyo utaendelea kuita. Kundi hilo pia huwa na salamu za asubuhi, picha za send-off na matangazo ya michango, na tahadhari ya saa 8 usiku hupanda juu na kupotea kabla ya jua kuchomoza. Rekodi yake iko kwenye simu za watu binafsi, na mtu akihama kazi huondoka nayo. Jibu la barua pepe, kinyume chake, hubaki ndani ya mfumo wa taasisi likiwa na jina, saa na maneno ya aliyeitika, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua ushahidi wa kumbukumbu za kielektroniki. Mkaguzi wa ubora akiuliza nani alijua nini saa ngapi, hatulazimiki kuomba simu ya mtu.

Kuna pahali msomaji wa Bukoba yuko sahihi, nami simnyimi haki yake. Barua pepe haifai kuwa njia pekee. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, intaneti iliyumba nchini kote, na taasisi ambazo seva zao za barua pepe zimekodiwa ng'ambo zingeweza kuwa na chumba kinachoungua hapa Mwanza huku tahadhari yake ikitafuta njia ya kwenda Ulaya na kurudi. WhatsApp nayo isingewaokoa, maana hupita kwenye nyaya hizohizo. Penye vifaa vinavyohusu chakula, dawa au maisha ya watu, seva ya barua ya tahadhari iwe ndani ya jengo au angalau ndani ya nchi, na pembeni yake iwepo modemu yenye laini ya simu ya kawaida ya kutuma ujumbe mfupi pale ambapo dakika 15 zimepita bila mtu yeyote kuitika. Tatizo likishaitikiwa kwa barua, modemu ikae kimya na salio lake lisiguswe.

Kwetu, baada ya ule usiku wa barua 36, tulipunguza orodha ya wapokeaji kutoka watu sita hadi wawili wa zamu, na wengine wakapangwa kufikiwa tu iwapo wawili hao wamekaa kimya kwa muda uliowekwa. Mtu akiitika, mwenzake hupata barua fupi inayotaja jina la aliyeitika na maneno yake. Ya kwanza kabisa niliyoipata kwa mtindo huo iliingia saa 7 na dakika chache usiku, mvua ikinyesha, na ilisema: “Naam. Natoka Buzuruga sasa hivi, wewe angalia seva ya mauzo.” Niliiangalia kutoka kitandani. Ilikuwa salama.

Msomaji mwenzangu wa Bukoba aliuliza mwishoni mwa barua yake kama kuna ofisi yoyote ya Kanda ya Ziwa iliyowahi kuujaribu utaratibu huu. Nimemjibu kwa upande wetu, na ningeomba, Ndugu Mhariri, wengine waliowahi kuujaribu wakaushindwa nao waandike walikwama wapi, hasa kuhusu kuhakiki saini za barua zinazotoka kwenye simu za mafundi wanaotumia anwani zao binafsi, maana hapo sisi bado tunahangaika.

Wako,
Fundi wa mifumo ya kompyuta,
Ilemela, Mwanza.